Abdullahi Qarshe: Mzaliwa wa Moshi aliyetunga wimbo wa taifa la Somalia

WAKAZI wa Eastleigh wanaoufahamu wimbo wa taifa la Somalia ni wengi. Wanaofahamu kwamba aliyeutunga alizaliwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, huenda wakawa wachache mno.

Mtunzi huyo ni Abdullahi Qarshe, ambaye Wasomali humwita baba wa muziki wao wa kisasa. Alizaliwa mwaka 1924, nchi hiyo ilipoitwa Tanganyika na kutawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mmoja wa Wasomali wa kaskazini waliotawanyika Afrika Mashariki wakifuata kazi ya uaskari, ubaharia na biashara ya mifugo. Walipiga kambi Moshi, Arusha, Isiolo, Naivasha na Nairobi.

Ni watu wa wimbi hilo hilo walioanza kukaa Eastleigh, mtaa ambao serikali ya kikoloni, kwa sera yake ya kuwatenga watu kwa rangi, iliwaachia Waasia na Wasomali. Wanaodhani kwamba Wasomali walifika Eastleigh na wakimbizi wa mwaka 1991 wamekosea kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1931 baba yake Qarshe alifariki, na mtoto akaiacha Afrika Mashariki. Alikulia Aden, bandari ya Waingereza iliyokuwa njia panda ya Waarabu, Wahindi na Wasomali. Huko kulikuwa na santuri za Kiarabu, sinema za Kihindi zenye nyimbo nyingi, na udi, kile chombo cha nyuzi ambacho watu wa Pwani yetu wanakijua katika taarabu na ambacho Wasomali hukiita kaban. Kwa familia ya dini, kijana kukumbatia chombo hicho lilikuwa jambo la aibu. Qarshe alikipenda hata hivyo.

Ili kuelewa alichokifanya, ni lazima kwanza kueleza hali ya sanaa ya Kisomali wakati huo. Wasomali walikuwa taifa la washairi. Shairi lilitungwa kwa vina vya mwanzo wa maneno, likahifadhiwa kichwani, likasafirishwa na wapanda ngamia kutoka kisima hadi kisima. Muziki wa vyombo ulidharauliwa.

Katikati ya miaka ya 1940 dereva wa lori kutoka upande wa Borama, Abdi Sinimo, aliharibikiwa na gari njiani. Inasimuliwa kwamba katika dhiki hiyo alijitungia beti fupi za mapenzi. Mtindo huo uliitwa balwo, neno lenye maana ya balaa, na masikio ya Mswahili yataona mara moja undugu wa maneno hayo mawili. Mashekhe waliulaani. Vijana wa mijini waliupokea kwa shangwe.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1965, mashabiki wa nyimbo za asili nchini Marekani walimzomea Bob Dylan kwa kuingia jukwaani na gitaa la umeme. Ugomvi ulikuwa ule ule, wa ushairi wa wazee kukutana na chombo cha vijana, ila Wasomali walitangulia, na kwao ugomvi uligusa dini.

Qarshe ndiye aliyeupa mtindo huo mpya udi na uzito. Kwa desturi ya Kisomali kazi hugawanywa: mmoja hutunga maneno, mwingine hutia lahani, wa tatu huimba. Yeye aliyafanya yote matatu na bado akapiga chombo mwenyewe. Mwaka 1948 alitoa wimbo wa kuwaamsha Wasomali kutoka usingizini, na wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa wimbo wa kisasa wa Kisomali. Kuanzia hapo mapenzi na siasa vilikaa katika nyumba moja. Msikilizaji mzungu angeweza kudhani anasikia maombolezo ya mpenzi, kumbe mpenzi ni nchi.

Hasira za kuimbia hazikukosekana. Mwaka 1954 Uingereza ilikubaliana na Ethiopia kuirudishia malisho ya Haud, ardhi ambayo wafugaji wa Kisomali waliitegemea kwa majani na maji. Mwaka uliofuata Qarshe na wenzake waliunda kundi la Walaalo Hargeisa, yaani ndugu wa Hargeisa, lililoigiza na kuimba. Sauti zao zilipeperushwa na redio ya Hargeisa, iliyokuwapo tangu mwaka 1943.

Uhuru ulipofika, Juni 26, 1960 kwa kaskazini na Julai 1 kwa kusini, pande hizo mbili ziliungana siku hiyo ya Julai. Wimbo wa Qarshe wa kuisifu bendera ya samawati yenye nyota nyeupe ni wa enzi hiyo, nao unajulikana kwa jina la Qolobaa Calankeed.

Hapo ndipo habari yake inapogusa Kenya, na si kwa wepesi. Nyota ile ina ncha tano, moja kwa kila eneo walimokaa Wasomali: Somalia ya Waingereza, ya Waitaliano, ya Wafaransa (ambayo ni Djibouti), Ogaden, na eneo la mpakani kaskazini mwa Kenya lililojulikana kama NFD. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuta wengi wa wakazi wa NFD wakitaka kujiunga na Somalia. Uingereza haikulikata eneo hilo, na Kenya huru ikarithi vita vya shifta vilivyoanza mwaka 1963. Mapatano yalifikiwa mwaka 1967 mjini Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka mahali alipozaliwa Qarshe.

Kwa Msomali Mkenya wa Eastleigh, aliyezaliwa hapa na mwenye kitambulisho cha hapa, wimbo huo haujawa wimbo mwepesi. Kuupenda kama sanaa ni jambo moja; kuulizwa na polisi yeye ni wa nchi gani ni jingine, na swali hilo ameulizwa mara nyingi, hasa katika ukaguzi wa mwaka 1989 na msako wa Aprili 2014.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumfanya Qarshe mwimbaji wa mipaka tu. Patrice Lumumba alipouawa Januari 1961, alimtungia wimbo ambao Wasomali wanaukumbuka hadi leo. Kwa maoni yangu huo ndio unaoonyesha upana wa moyo wake.

Lugha ya Kisomali haikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972. Sifa ya Qarshe, basi, haikujengwa na albamu wala kitabu. Ilijengwa na redio, kanda na kumbukumbu za watu. Mwaka 1988 ndege za Siad Barre zilipoushambulia mji wa Hargeisa, kanda za redio zilifichwa, nyingine zikafukiwa ardhini. Sehemu ya hazina ya enzi hizo ilifukuliwa na kuhifadhiwa, na mwaka 2017 ikatoa albamu ya wanamuziki mbalimbali, Sweet as Broken Dates, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Qarshe hakuyaona hayo. Alifariki mjini London mwaka 1994, miaka mitatu baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka na kaskazini kujitangazia uhuru kwa jina la Somaliland.

Agosti 2012 katiba ya muda ya Somalia iliufanya wimbo wake kuwa wimbo rasmi wa taifa. Hargeisa, mji alikojenga jina lake, ina wimbo mwingine na bendera nyingine. Nao wanajeshi wa Kenya, waliokuwa wamevuka mpaka Oktoba 2011, walikuwa tayari wakipigana upande wa serikali inayopeperusha nyota ile ile ya ncha tano.