Hugh Hammond Bennett, Mlinzi wa Udongo

Katika masomo ya Jiografia sisi wa Kidato cha Tatu tumesikia mara nyingi habari za mmomonyoko wa udongo, lakini ni wachache wamjuao Mmarekani huyu. Basi nitasimulia maisha yake kwa ufupi.

Bwana Bennett alizaliwa tarehe 15 Aprili, 1881, karibu na Wadesboro, katika jimbo la North Carolina. Baba yake alikuwa mkulima wa pamba, na tangu utotoni Hugh aliona matuta ya kuzuia maji yakitengenezwa shambani. Alipomaliza Chuo Kikuu mwaka 1903 aliajiriwa na Serikali kuchunguza udongo.

Mwaka 1905 alitumwa Louisa, katika Virginia, kutafuta sababu ya mashamba kuishiwa nguvu. Huko yeye na mwenzake waliona sehemu mbili zilizopakana, zenye mteremko mmoja. Upande wa msitu udongo ulikuwa laini wenye unyevu, hata mtu aliweza kuuchimba kwa mikono. Upande wa shamba ulikuwa mfinyanzi mgumu. Akatambua kwamba udongo wa juu haukuchoka, bali ulikuwa umeondoka, kidogo kidogo kila mvua iliponyesha, bila kuacha korongo la kumwonya mwenye shamba. Niliposoma habari hii nilikumbuka kwetu Kondoa, ambako wazee husema ardhi imezeeka. Kumbe haikuzeeka, imehama! Mwaka 1979 mifugo iliondolewa huko ili nyasi zipate kurudi. Babu yangu alihuzunika sana kuwatoa ng'ombe wake, lakini nyasi zilirudi kweli.

Kwa miaka mingi Bwana Bennett aliandika na kusema, na wakubwa hawakumjali sana. Wakati huo wakulima wa nyanda za kati walikuwa wakilima mbuga zenye nyasi fupi za asili ili kupanda ngano. Ukame ulipofika katika miaka ya 1930, ngano ilikauka na upepo ukachukua udongo mtupu. Mwaka 1933 alipewa idara ya kupambana na mmomonyoko. Mwaka 1935 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge, na husimuliwa kwamba alirefusha maneno yake makusudi, maana alijua tufani ya vumbi iko njiani. Vumbi lilipofika Washington, anga likawa giza mchana. Tarehe 27 Aprili sheria ya kuhifadhi udongo ikatiwa sahihi.

Lakini sheria haifuniki ardhi. Watu wake walikusanya mbegu za nyasi za porini zivumiliazo ukame, wakazikuza katika vitalu na kuzijaribu. Zilijaribiwa pia nyasi za kigeni, na hapa Mtanzania yeyote atafurahi: mbegu za Eragrostis curvula zilikuwa zimechukuliwa Tanganyika mwaka 1927. Nyasi hii ina majani marefu membamba yainamayo, na mizizi mingi ishikayo mchanga. Huota upesi mahali pasipo na rutuba, ikapandwa sana Oklahoma na Texas. Ng'ombe, hata hivyo, huipenda ikiwa changa tu.

Mwaka 1944 Bwana Bennett alizuru Afrika ya Kusini, akaandika kitabu juu ya udongo wa huko. Alifariki tarehe 7 Julai, 1960, akazikwa Arlington, karibu na mji ule uliofunikwa na vumbi.