Profesa Hughes na Misumari Mitatu

Katika chama chetu cha muziki tunataka kununua maikrofoni ili turekodi nyimbo za kwaya katika chumba chetu kidogo. Mabishano ni mengi: wengine wanataka ya bei kubwa, wengine ya jina kubwa. Kabla fedha hazijatoka, napenda kuwasimulia kwa ufupi maisha ya mtu aliyekitangaza chombo hiki duniani.

David Edward Hughes alizaliwa mwaka 1831, katika ukoo wa Wales uliopenda sana muziki. Alipokuwa mtoto, wazazi wake walihamia Marekani, na baadaye akafundisha muziki chuoni huko Kentucky. Mwaka 1855 alibuni mtambo wa telegrafu uliochapa herufi zenyewe. Nchi nyingi za Ulaya ziliutumia, naye akapata mali na heshima.

Majaribio yake ya maikrofoni aliyafanya nyumbani kwake London, kwa vitu vidogo vidogo. Aliunganisha betri na simu ya kusikilizia, akalaza misumari miwili sambamba na wa tatu juu yake. Sauti ilipoitikisa, misumari ililegea na kukazana, umeme ukapungua na kuongezeka kwa kuifuata sauti ile, na simu ikasema. Kisha akajaribu vitu vingine, kimoja baada ya kimoja, akaona kaboni inashinda chuma. Kwa kijiti cha kaboni kilichoshikwa kwa kulegea kati ya vipande viwili, hata hatua za nzi zilisikika!

Mwezi wa Mei, 1878, habari hizo zilisomwa mbele ya Royal Society, jamii kuu ya wataalamu Uingereza. Hughes angeweza kuiandikisha maikrofoni iwe mali yake peke yake. Hakufanya hivyo, alimwachia kila mtu aitumie. Thomas Edison alilalamika kwamba wazo lilikuwa lake, na ugomvi wao ukajaa magazetini. Hata hivyo Hughes hakuigeuza zawadi yake kuwa biashara. Alifariki mwaka 1900, na sehemu kubwa ya mali yake akaziachia hospitali za London. Maikrofoni za kaboni zilitumika katika simu kwa miaka mingi baada yake.

Studio za leo hazitumii kaboni, kwa kuwa ina mchakato. Ziko maikrofoni za koili na sumaku, ambazo huvumilia sauti kubwa. Na ziko za kondensa, ambazo hunasa hata sauti nyembamba, pamoja na mwangwi wa chumba. Chumba chetu kina mwangwi, na barabara iko karibu. Kwa hiyo nashauri tuazime moja ya kila aina, tutundike mablanketi ukutani, tuimbe wimbo mmoja kwa umbali ule ule, kisha tusikilize bila kutazama jina wala bei. Masikio yaamue.

Na tutakayoinunua, tusiwanyime wenzetu wa vyama vingine. Wema hauozi.