Shaaban Robert: Karani wa Serikali Aliyewalea Vijana kwa Riwaya

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katikati ya Jiji la Dar es Salaam, jirani na Bustani ya Mimea, upo mtaa unaopita mbele ya Makumbusho ya Taifa na Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Watumishi wa umma, wanafunzi na wageni huupita kila siku wakielekea kwenye shughuli zao. Mtaa huo unaitwa Shaaban Robert. Kwa baadhi ya wapita njia, hilo ni jina la kumwelekeza dereva tu. Kwa wengine ni jina la mwandishi ambaye kitabu chake chembamba, Adili na Nduguze, kiliwafikia wakiwa darasani, katika umri ambao mtu huanza kujiuliza atakuwa binadamu wa namna gani.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Jina Robert lilikuwa la baba yake, na limewafanya wasomaji wengi kudhani kuwa mwandishi huyo alikuwa Mkristo. Ukweli ni kwamba alizaliwa Mwislamu, akaishi Mwislamu na akafa Mwislamu. Asili ya ukoo wa baba yake ni Wayao, lakini yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili, na lugha ya Kiswahili ndiyo aliyoitumikia hadi mwisho wa uhai wake.

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 13, alikuwa Dar es Salaam kwa ajili ya masomo. Mji huo haukuwa na ukubwa wa leo. Waingereza walikuwa wameutwaa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na eneo walilopiga kambi wapagazi wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilikuwa limebakiwa na jina la kikosi chao, ambalo ndimi za wenyeji zililigeuza kuwa Kariakoo. Katika miaka hiyo Kariakoo ilikuwa ikijengeka kuwa makazi ya Waafrika, yenye nyumba za udongo na makuti, na watu waliotoka bara na pwani wakikutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili. Katika mji wa namna hiyo ndipo kijana huyo alipokua. Alisoma hadi mwaka 1926, akapata cheti cha kumaliza shule, na safari yake ya darasani ikaishia hapo. Hakusoma chuo kikuu chochote.

Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha ya serikali ya kikoloni, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1944, ikiwemo miaka aliyoishi Pangani. Mwaka 1946 alihamia Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Tanga, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 alitumikia Ofisi ya Upimaji wa Ardhi mjini humo. Kwa jumla, zaidi ya miaka 30 ya maisha yake ilipita mezani pa serikali, akinakili barua na kutunza majalada ya watu wengine. Maandishi yake mwenyewe aliyafanya katika saa zilizobaki, baada ya ofisi kufungwa.

Ikumbukwe kuwa katika utumishi wa enzi hizo, Mwafrika hakutarajiwa kupanda mbali, hata awe na uwezo gani. Shaaban Robert aliyaishi hayo, na baadaye aliyaandika katika habari za maisha yake kwa utulivu unaomshangaza msomaji, bila matusi na bila kujidhalilisha.

Nyumbani nako majonzi yalimfika. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki dunia na kumwachia watoto wadogo. Alimwomboleza kwa shairi ambalo hadi leo huhesabiwa miongoni mwa mashairi bora ya mapenzi ya ndoa katika lugha yetu. Kisha akawageukia watoto. Kwa binti yake alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume akatunga Utenzi wa Adili. Tenzi hizo mbili ni wosia wa mzazi kuhusu heshima, kazi, elimu, ndoa na namna ya kuishi na watu. Hivyo basi, kabla hajawa mlezi wa vijana wa taifa zima, Shaaban Robert alikuwa baba aliyebaki na watoto, akitafuta maneno ya kuwaachia.

Neno hilohilo, adili, ndilo alilolirudia katika riwaya yake iliyotolewa mwaka 1952. Adili na Nduguze ni kisa cha vijana watatu waliofiwa na baba yao na kuachiwa urithi sawa. Adili alitunza fungu lake, ilhali kaka zake, Hasidi na Mwivu, walitapanya mali yao. Adili akawapokea na kugawana nao alichokuwa nacho. Wema huo haukuwazuia kumtupa baharini kwa husuda. Huria, jini aliyewahi kutendewa wema na Adili, alimwokoa, akawageuza nduguze kuwa manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Siri hiyo ilipofika kwa Mfalme Rahman, Adili aliitwa kujieleza.

Mzizi wa kisa hicho umo katika hadithi za Alfu Lela Ulela, lakini Shaaban Robert aliuotesha upya katika udongo wa Kiswahili, akawapa wahusika majina yanayotangaza tabia zao. Kijana anaposoma mara ya kwanza huvutiwa na jini, manyani na safari za baharini. Anaporudi kukisoma akiwa mtu mzima, hukutana na jambo jingine: Adili hakuifurahia adhabu aliyolazimishwa kuitoa. Aliwachapa ndugu zake kwa amri, lakini aliwalisha na kuwahurumia. Alikuwa na kila sababu ya kuwachukia, ila hakuweza kuacha kuwa ndugu yao. Mwishowe huruma ndiyo iliyowarudisha katika umbo la kibinadamu.

Hapo ndipo siri ya mapenzi ya wasomaji kwa kitabu hiki ilipo. Ni nyumba chache ambazo hazijawahi kuguswa na ugomvi wa mirathi, na ni watu wachache ambao hawajawahi kudhulumiwa na mtu wa damu yao. Mwanafunzi aliyejibia mtihani maswali ya wahusika na dhamira huja kugundua, miaka mingi baadaye, kwenye kikao cha ukoo baada ya arobaini ya baba, kuwa swali lenyewe halikuwa la mtihani.

Hata hivyo, vitabu hivi havikufika mikononi mwa wasomaji kwa urahisi. Mwandishi Mwafrika wa wakati ule alitegemea wachapishaji wa mbali, walioamua kipi kitoke na lini. Kusadikika, riwaya inayomhusu Karama anayesimamishwa mahakamani kwa kutaka sheria ifundishwe kwa wote, ilitoka mwaka 1951, na baadhi ya kazi zake nyingine zilichapishwa Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliamua kuchapisha mwenyewe kutoka Tanga. Kwa mtu aliyeishi kwa mshahara wa ukarani, uamuzi huo ulikuwa mzigo mzito.

Katika miaka hiyo, barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi, ziliendelea kusafiri. Zilihifadhiwa, na mwaka 2002 zilitolewa kama kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya uhariri wa Profesa M. M. Mulokozi. Barua hizo zinaanzia mwaka 1931 na kuishia 1958.

Shaaban Robert alifariki dunia Tanga mwezi Juni, 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Tanganyika ilikuwa huru kwa miezi 6 tu. Aliuona uhuru alioutamani, lakini hakuviona vitabu vyake vyote. Kufikirika, riwaya yenye mjadala juu ya malezi na elimu ya mwana wa mfalme, ilitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilifuata mwaka 1968. Kama miswada hiyo ingetupwa au kuliwa na mchwa, Taifa lisingejua hata kilichopotea.

Leo Kiswahili kina siku yake duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 kwa kukumbuka uamuzi wa TANU ya mwaka 1954, chama kilichokuwa na ofisi yake pembezoni mwa Kariakoo. Aidha, Serikali kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania huratibu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili, 2023. Waandishi chipukizi wa sasa wanayo milango ambayo karani wa Tanga hakuwa nayo.

Pamoja na hayo, tuzo na majina ya mitaa haviwezi kufanya kazi ya msomaji. Katika Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, katika maduka ya vitabu ya Mtaa wa Samora, na hata kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaovipanga kando ya njia za katikati ya jiji, kazi za Shaaban Robert bado zinatafutwa. Mara nyingi nakala ya mtumba huwa na jina la mwanafunzi wa zamani kwenye ukurasa wa kwanza, na chini yake jina la mwingine. Baba aliyewaandikia watoto wake wawili amepata watoto wengi kuliko alivyoweza kukisia, na kila nakala inayobadilisha mikono mjini humu inampatia mmoja zaidi.