Mtakatifu Hildegarda wa Bingen: mwanga, kipandauso na wito



Kila tarehe 17 Septemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, bikira na Mwalimu wa Kanisa. Katika parokia zetu za Handeni na Korogwe jina lake halisikiki sana kama la Mtakatifu Rita au la Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Nimechagua kusimulia maisha yake kwa sababu ya ugonjwa. Miaka mingi baada ya kifo chake, baadhi ya wasomi walisema aliugua ugonjwa uleule unaonisumbua mimi tangu nikiwa na miaka 13, yaani kipandauso, ambacho hospitalini hukiita maigreni.

Anayekijua hahitaji kuelezwa. Kichwa kinagonga, mara nyingi upande mmoja, tumbo linachafuka, mwanga unachoma macho na hata sauti ya kijiko kikigusa sahani inaumiza. Hali hiyo inaweza kudumu saa chache au siku mbili tatu. Baadhi yetu, kabla ya maumivu, tunaona mwanga unaometameta wenye pembepembe kama meno ya msumeno, ukitanuka polepole mbele ya macho kwa dakika ishirini au zaidi.

Mara ya kwanza niliuona nikiwa natumikia Misa katika kigango chetu, Handeni. Nilipomsimulia bibi, alisema ni Mungu ananiita. Jirani alisema ni jini. Kwenye zahanati nilipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Kati ya hayo matatu nilishika neno la bibi, na kwa sehemu ndilo lililonifikisha seminarini. Kisha, nikiwa mwaka wa kwanza wa falsafa, daktari mmoja huko Korogwe alinisikiliza vizuri na kunitajia jina la ugonjwa wangu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilipanda basi la kurudi Handeni nikiwa na swali zito: ikiwa mwanga ule ulikuwa ugonjwa, je, wito wangu nao ni nini? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Hildegarda.

Mtoto aliyetolewa kwa Mungu

Hildegarda alizaliwa mwaka 1098 katika nchi ya Ujerumani, karibu na mto Rhine. Wazazi wake, Hildebert na Mechthild, walikuwa watu wa ukoo bora. Mapokeo yanasema alikuwa mtoto wa kumi, na kama vile mtu atoavyo zaka ya mavuno yake, wazazi walimtoa kwa Mungu. Alikuwa mtoto dhaifu, na tangu udogoni aliona mwanga ambao wenzake hawakuuona. Alipogundua kwamba hata mlezi wake hauoni, aliona aibu akanyamaza.

Alikabidhiwa kwa mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Jutta. Tarehe 1 Novemba 1112 wawili hao walijifungia katika makao madogo kando ya monasteri ya wamonaki Wabenediktini ya Disibodenberg. Ni familia ileile ya kitawa tunayoifahamu hapa kwetu kule Sakharani, milimani Lushoto. Hapo Hildegarda alijifunza kusoma Zaburi na kuziimba, na polepole wasichana wengine wakajiunga nao.

Jutta alikuwa mkali sana kwa mwili wake. Alifunga kupita kiasi na kuvaa mnyororo chini ya nguo. Alipofariki mwaka 1136, waliomwosha, Hildegarda akiwa miongoni mwao, walikuta mnyororo umechimba makovu katika mwili wake. Masista walimchagua Hildegarda awe mama yao. Alimheshimu Jutta maisha yake yote, lakini hakuwaongoza dada zake kwa njia ile. Miaka mingi baadaye alimwandikia mtawa mwenzake, Elizabeti wa Schönau, akimwonya asijitese kupita kiasi, kwa maana mvua kubwa isiyo na kipimo huharibu shamba badala ya kuliotesha. Kiasi, ambacho Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inakiita mama wa fadhila, kilikuwa kwake njia ya kumtii Mungu.

Kuandika na kuugua

Mwaka 1141, akiwa na miaka 42, alipata maono makubwa kuliko yote ya awali. Alieleza kwamba mwanga wa moto ulishuka ukapenya kichwa chake na kuwasha kifua chake, kama jua linavyopasha joto bila kuunguza, na papo hapo akaelewa maana ya Maandiko. Alisikia akiamriwa aandike. Alikataa kwa hofu na kwa kujiona hafai, akaanguka kitandani mgonjwa. Alipokubali kuandika, nguvu zikamrudia. Akisaidiwa na mmonaki Volmar, alitumia miaka kumi kukamilisha kitabu chake cha kwanza, Scivias.

Hakujihesabia haki mwenyewe. Alimwandikia Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux kuomba ushauri. Maandiko yake yalifika hadi kwa Papa Eugenio wa III wakati wa sinodi ya Trier ya 1147 hadi 1148, naye akamruhusu aendelee. Tuliangalie jambo hilo kwa makini: aliyeona mwanga hakuwa mwamuzi wa mwanga wake. Aliupeleka Kanisani ukapimwe.

Baadaye alitaka kuwahamishia masista Rupertsberg, karibu na mji wa Bingen, wapate makao yao wenyewe. Abate Kuno alikataa. Hildegarda akalala kitandani hawezi kujisogeza, na inasimuliwa kwamba abate mwenyewe alijaribu kumwinua kichwa akashindwa, ndipo akakubali. Karibu mwaka 1150 walihama. Mwaka 1165 akaanzisha nyumba ya pili huko Eibingen. Licha ya maradhi yaliyomrudia mara kwa mara, alitunga nyimbo, aliandika barua kwa mapapa na wafalme, na akiwa na miaka zaidi ya sitini alisafiri akihubiri mijini, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa karne ile.

Mgonjwa aliyesomea magonjwa

Hildegarda hakuishia kuvumilia maradhi. Aliandika kuhusu mimea, miti, mawe, samaki, ndege na wanyama, na jinsi vinavyofaa au kudhuru afya. Katika kitabu kinachohesabiwa kuwa chake kuhusu magonjwa na tiba, ametaja maumivu ya nusu kichwa. Anaeleza kwamba yanashika mara upande wa kulia, mara wa kushoto, na kwamba ni makali kiasi kwamba yangeshika kichwa chote mtu asingeweza kuyastahimili. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini kwa muda. Chanzo alichotaja, nyongo nyeusi na majimaji mabaya ya mwili, ni elimu ya zama zake, nasi leo hatuifuati. Lakini hakutaja pepo, wala hakusema kwamba mgonjwa amelaaniwa. Aliona ugonjwa wa mwili unaotafutiwa dawa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanahistoria wa tiba Mwingereza Charles Singer alichunguza picha za maono katika nakala ya kale ya Scivias. Aliona nyota zinazodondoka, miduara ya mwanga na kingo zenye pembepembe kama kuta za ngome, akasema hayo ni yale wanayoyaona wagonjwa wa kipandauso. Mwaka 1970 daktari Oliver Sacks alieneza maoni hayo katika kitabu chake kuhusu maigreni. Wanahistoria wengine wametahadharisha kwamba ni vigumu kumpima mgonjwa aliyekufa zaidi ya miaka mia nane iliyopita kwa kutazama picha. Nami naona sababu nyingine ya kutoharakisha. Karibu mwaka 1175, akiwa mzee, Hildegarda alimweleza mmonaki Guibert wa Gembloux kwamba anaona akiwa macho, bila kuzimia, na kwamba mwanga ule ukimjia, huzuni na maumivu yote humwondoka, akajisikia kama binti mdogo. Kwangu mimi mwanga haujawahi kuondoa maumivu, huyatangulia.

Lakini tuseme Singer alikuwa sahihi. Je, Hildegarda anapungua? Mwanafalsafa Mmarekani William James, mwaka 1902, alionya dhidi ya kudhani kwamba tukishataja ugonjwa wa mtakatifu tumemaliza habari yake. Kila wazo la binadamu, hata la asiyeamini, linapita katika ubongo. Thamani yake haipimwi kwa kuuliza lilianzia kwenye mshipa gani, bali kwa matunda yake. Bwana wetu alitufundisha kipimo hicho zamani kabla ya James. Tena sisi husema neema haiharibu maumbile, bali huyakamilisha. Mungu anaweza kumfundisha mtu kupitia mwili imara, na pia kupitia mwili unaougua.

Jaribu la mwisho lilimkuta akiwa na miaka 80. Mwaka 1178 aliruhusu kijana wa ukoo bora azikwe kwenye makaburi ya monasteri. Kijana huyo aliwahi kutengwa na Kanisa, lakini alikuwa amepatanishwa kabla ya kufa. Viongozi wa Mainz waliagiza mwili ufukuliwe. Hildegarda hakukubali, na nyumba yake ikakatazwa kuadhimisha Misa na kuimba sala. Alitii katazo akiwa na uchungu mwingi, huku akiandika barua kujitetea, hadi mwaka uliofuata lilipoondolewa. Alifariki tarehe 17 Septemba 1179. Mwaka 2012 Papa Benedikto wa XVI alieneza heshima yake kwa Kanisa lote, na tarehe 7 Oktoba mwaka huohuo akamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Alichonifundisha

Kwanza, nimejifunza kuujua ugonjwa wangu kama yeye alivyotaka kuyajua magonjwa. Daktari alinishauri niwe na daftari: siku ya maumivu, nilikula nini, nililala saa ngapi, nilikuwa wapi. Baada ya miezi michache daftari lilisema lenyewe. Vichochezi vyangu ni jua la mchana, kunywa maji kidogo, kukesha nikisoma usiku wa kuamkia mitihani na, zaidi ya vyote, kukaa na njaa. Kwa mwingine vitakuwa harufu kali, hedhi au msongo wa mawazo.

Sasa natembea na chupa ya maji, navaa kofia, nalala kwa wakati. Maumivu yakianza, nameza mapema dawa niliyoelekezwa na kulala gizani. Dawa za kawaida kama ibuprofeni au parasetamoli huwasaidia wengi zikitumiwa mwanzoni, lakini ukizimeza karibu kila siku, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Anayeshikwa mara nyingi amwone daktari, maana zipo dawa za kuzuia, kama propranololi na amitriptilini, ambazo si za kujinunulia ovyo. Na kichwa kikiuma ghafla kuliko ulivyowahi kuugua, au pamoja na homa na shingo kukakamaa, au mkono na mguu kulegea, wahi hospitali mara moja. Homa nayo ipimwe malaria; tusikisie.

Pili, kuhusu kufunga. Kila Kwaresima nilikuwa nashinda bila chakula hata siku ambazo Kanisa halidai, kisha nazidiwa na kulala siku mbili wenzangu wakinifanyia zamu zangu. Mlezi wangu wa kiroho aliniuliza mfungo huo unamfaa nani. Kanisa halimtaki mgonjwa afunge kwa kujidhuru. Siku hizi nakula kidogo kwa wakati, na najinyima vitu vingine. Kwa mtu mwenye kiburi kama mimi, kula wakati wenzangu wanafunga imekuwa toba ngumu zaidi.

Tatu, kuhusu wito. Mwanga nilioona kigangoni ulikuwa kipandauso. Sina shaka tena. Bibi alikosea kuhusu mwanga, lakini kwa sababu ya neno lake nilianza kusali kila jioni, nikampenda Yesu wa Ekaristi, na nikaja kuupeleka moyo wangu mbele ya walezi wa Kanisa waupime. Upimaji huo bado unaendelea, nami nimeridhika nao.

Kama nyumbani kwako yuko mtoto anayejifungia gizani akishika upande mmoja wa kichwa, usimwite mvivu, wala usikimbilie kusema ana mapepo. Msikilize, mpeleke hospitali, na umwombee.

Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, utuombee.