Mwalimu Nyerere na Kalamu ya Mfadhili

Wengi wetu tulio katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili humjua marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kama mfasiri. Mnamo mwaka 1969 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare aliyoiita Mabepari wa Venisi. Kiini cha tamthilia hiyo, kama tujuavyo, ni mkopo: mhitaji anaomba fedha, mwenye fedha anazitoa kwa sharti, na sharti lenyewe ni ratili ya nyama ya mwili wake. Darasani tumezoea kulijadili neno mabepari katika anwani, na ni haki tulijadili. Tunachosahau ni kwamba mfasiri huyo alikuwa rais wa nchi iliyokuwa ikikopa. Makala haya yanayapitia maisha yake kwa jicho hilo, tukiuliza nani hasa aliyeishika kalamu wakati mipango ya kuupiga vita umaskini wa Tanzania ilipokuwa ikiandikwa.

Alizaliwa Aprili 1922 huko Butiama, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere na hatimaye Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Akafundisha Pugu, akawa miongoni mwa walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Hayo yamesimuliwa mara nyingi, nasi hatuna haja ya kukawia hapo.

Lisilosimuliwa sana ni kwamba mpango wa kwanza wa maendeleo wa taifa hilo changa, ule wa mwaka 1961 hadi 1964, ulijengwa juu ya ripoti ya ujumbe wa Benki ya Dunia. Mpango wa Miaka Mitano ulioufuata mwaka 1964 nao uliandaliwa kwa mchango mkubwa wa wataalamu wa kigeni, na ulitarajia sehemu kubwa ya fedha za serikali za maendeleo zitoke ng'ambo. Fedha hizo hazikuja kama zilivyotazamiwa. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani ya Mashariki kuwa na ubalozi mdogo jijini Dar es Salaam. Mwalimu akajibu kwa kuukataa hata msaada mwingine wa serikali hiyo. Desemba ya mwaka huo alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya suala la Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasitishwa.

Kwa hivyo ni kosa kulisoma Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, kana kwamba lilichipuka katika vitabu vya nadharia ya ujamaa pekee. Lilitoka pia katika uchungu wa kuahidiwa na kunyimwa. Lilionya kwamba taifa maskini limekosea linapoifanya fedha, hasa ya wageni, kuwa silaha yake ya kwanza, na likaitaja ardhi, watu, siasa safi na uongozi bora. Yaani mtegemea cha nduguye hufa maskini. Jambo la kuzingatia kwa sisi wanafunzi wa lugha ni kwamba Azimio lilitungwa kwa Kiswahili, na toleo la Kiingereza lilikuwa tafsiri. Kwa mara ya kwanza mkulima aliyekusudiwa na mpango aliweza kuusoma, au kusomewa, kama ulivyoandikwa.

Kisha lilitokea jambo ambalo Mwalimu hakulipangia. Azimio la kujitegemea liliwavutia wafadhili. Uswidi na jirani zake wa Skandinavia, Benki ya Dunia chini ya Robert McNamara, Uchina iliyotoa mkopo usio na riba wa kujengea reli ya TAZARA: wote walitaka kushiriki. Katika miaka ya sabini Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi zaidi. Baada ya serikali kuhamishia mipango mikoani mwaka 1972, kila mkoa ulihitaji mpango wake wa maendeleo, na mikoa ikagawiwa wafadhili: Kigoma Benki ya Dunia, Tanga Ujerumani ya Magharibi, Arusha Marekani, Kilimanjaro Japani, Mtwara na Lindi Ufini. Ukiitazama orodha hiyo unaona ramani ya nchi iliyokatwa vipande, kila kipande na mwandishi wake. Kalamu iliyotwaliwa Arusha ilikuwa imerudishwa kimyakimya, safari hii kwa heshima na tabasamu.

Hata hivyo, tusimwonee mfadhili. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuwataka watu wote wa vijijini wahamie katika vijiji vya ujamaa ulikuwa wa TANU na wa Mwalimu. Mamilioni walihamishwa, wengi kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zao zikachomwa moto ili wasirudi. Wafadhili hawakuifunga mikoba yao kwa ajili hiyo. Mpango ulioandikwa kwa lugha ya wananchi ulitekelezwa bila ridhaa yao, na kwa maoni yangu hili ndilo doa kubwa kuliko yote katika maisha yake. Mwaka 1977, akiutathmini mwongo mmoja wa Azimio, yeye mwenyewe alikiri kwamba Tanzania haikuwa imefikia ujamaa wala kujitegemea.

Mtihani mkali ulikuja baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta. Mwishoni mwa mwaka 1979 Shirika la Fedha la Kimataifa liliitaka Tanzania ishushe thamani ya shilingi, izuie nyongeza ya mishahara na ilegeze udhibiti wa bei. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona hapakuwa na njia nyingine. Mwalimu akakataa, na Mtei akajiuzulu. Januari 1980, mbele ya mabalozi, Rais alilishutumu shirika hilo hadharani. Heshima ya taifa ilihifadhika, lakini maduka yalikuwa matupu, sabuni na sukari zikapatikana kwa foleni. Ni nani aliyekuwa na haki? Wachumi bado wanabishana. Mwalimu aliondoka madarakani Novemba 1985 bila kutia saini, na mrithi wake, Ali Hassan Mwinyi, akakubaliana na shirika hilo mwaka uliofuata.

Kuanzia 1987 hadi 1990 aliiongoza Tume ya Kusini, akiendeleza hoja ile ile kwa niaba ya mataifa mengine. Mwaka 1995 kikundi cha wataalamu huru kilichoongozwa na Gerald Helleiner kilipendekeza kwamba serikali ya Tanzania, wala si wafadhili, iwe kiongozi wa mipango yake. Septemba 1999 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha zikatangaza kwamba nchi maskini zinazotaka nafuu ya madeni zitaandika zenyewe mikakati ya kupunguza umaskini, ingawa mabodi ya mashirika hayo mawili ndiyo yangeipitia. Wiki chache baadaye, tarehe 14 Oktoba, Mwalimu alifariki dunia katika hospitali ya London.

Mkakati wa kwanza wa Tanzania ulikamilika mwaka 2000. Ule wa 2005 ulipewa jina la Kiswahili, MKUKUTA, na katika nyaraka rasmi wale waliokuwa wakiitwa wahisani wakazidi kuitwa washirika wa maendeleo. Ada ya shule za msingi, ambayo Mwalimu aliifuta mwaka 1973 na ikarejeshwa katikati ya miaka ya themanini, ilifutwa tena mwaka 2001. Miongoni mwa waliogharimia elimu hiyo safari hii ni Benki ya Dunia.