Robert Koch na sindano za visiwa vya Sese

KIGALI – Mwaka 1907, wakati daktari Mjerumani Richard Kandt akianzisha makao ya serikali ya kikoloni hapa Kigali, Mjerumani mwingine, maarufu kuliko yeye, alikuwa katika visiwa vya Sese, Uganda, akiwadunga sindano wagonjwa wa malale waliomfikia kwa mitumbwi. Huyo ni Robert Koch.

Alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal. Akiwa daktari wa wilaya tu, alitumia panya kuthibitisha kwamba kimeta husababishwa na bakteria. Mwaka 1882 alitangaza chanzo cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akapata Tuzo ya Nobeli. Lakini alikuwa na doa: mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iliyoonekana kufaulu kwa simbilisi. Kwa binadamu haikuponya.

Malale ilikuwa imeua zaidi ya watu 200,000 Uganda. Upande wa Wajerumani, eneo la Kiziba karibu na Bukoba, Koch aligundua kuwa wagonjwa wengi ni vibarua waliovuka mpaka kutafuta kazi Uganda, wakaumwa na mbung'o huko na kurudi na ugonjwa. Mpaka haukuwazuia mbung'o wala njaa ya kazi.

Dawa aliyoibeba ni atoxyl, yenye aseniki. Watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha mwaka 1905 kwamba inaua vimelea vya malale ndani ya wanyama wa maabara. Ajabu yake ni kwamba ukiichanganya na vimelea hao kwenye chupa, hawadhuriki. Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi chini ya Koch, alieleza sababu: mwili wenyewe huigeuza dawa kuwa kitu kingine, na hicho ndicho kinachoua. Kwa hiyo kumjua panya hakutoshi kumjua mtu.

Mwanzoni Sese ilishangilia. Vimelea vilitoweka haraka, na waliokuwa hoi wakainuka. Kisha ugonjwa ukarudi kwa wengi. Koch akaongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu nzima, na hapo ndipo alipokosea vibaya. Wagonjwa walilalamika maumivu makali, wengine wakatoroka, na zaidi ya 20 wakapofuka kabisa, kwa kuwa aseniki iliharibu mishipa ya macho. Akarudi kwenye kipimo kidogo.

Mwishoni mwa 1907 aliondoka, akapokelewa kwao kwa heshima kubwa. Alipendekeza wagonjwa watengwe kambini, mamba wauawe kwa kuwa mbung'o huwanyonya damu, na vichaka vya ufukweni vifyekwe. Atoxyl iliendelea kutumika kambini upande wa Wajerumani.

Koch alifariki Baden-Baden, Mei 27, 1910. Kufikia hapo Waingereza walikuwa wamekwisha kuwahamisha watu wa Sese kwenda bara, na visiwa vikabaki msitu.