Mwalimu Aliyekataliwa kwa Sababu ya Uso Wake

Wanafunzi wa Kiswahili hapa chuoni wakisikia jina la Johnson, akili inakimbilia kamusi ya mwaka 1939, ile iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Huyo siye ninayemwandikia leo. Wangu ni Samuel Johnson, Mwingereza aliyezaliwa Lichfield tarehe 18 Septemba 1709 na kufariki London tarehe 13 Desemba 1784. Naye alitunga kamusi, na ya kwake ilitawala Kiingereza kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini mimi nasomea ualimu, na kilichonivuta kwake ni jambo ambalo wengi hulipita haraka: mtu huyu aliomba kazi ya kufundisha akanyimwa, na sababu mojawapo ilikuwa uso wake.

Baba yake alikuwa muuza vitabu ambaye biashara haikumwendea vizuri. Samuel akiwa mtoto mchanga alipata ugonjwa wa tezi za shingo uliomwachia makovu, na jicho lake moja halikuona vizuri maisha yake yote. Mwaka 1728 akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Boom hakukuwa nalo wakati ule, kwa hiyo baada ya miezi kama 13 hela ilikata, akarudi nyumbani bila shahada.

Katika ujana huo mwili wake ukawa unafanya mambo yake wenyewe. Kichwa kilitikisika. Kiwiliwili kiliyumba mbele na nyuma. Mikono na miguu ilijikunja kwa namna ya ajabu. Mdomo nao ulitoa sauti: mara analia kama kuku mwenye vifaranga, mara anapiga mluzi, mara anapuliza pumzi kwa nguvu. Katikati ya maongezi watu walimsikia akinong'ona vipande vya Sala ya Bwana. Alipokuwa akipita mlangoni alizungukazunguka kwanza, akipanga hatua zake, ndipo akaruka kizingiti. Marafiki zake waliandika haya yote kwa kina, ndiyo maana mwaka 1979 jarida la madaktari wa Uingereza liliweza kuchapa makala ya kitabibu yenye hoja kwamba Johnson alikuwa na hali tunayoiita leo Tourette.

Sasa turudi kwenye ile kazi. Mwaka 1735 shule ya Solihull ilikuwa inatafuta mwalimu mkuu, Johnson akaomba. Wadhamini wa shule wakaulizia habari zake, kisha wakajibu kwa barua. Walikubali kwamba elimu anayo ya kutosha. Walisema wamesikia ana majivuno na hasira. Halafu wakaongeza kwamba ana namna ya kukunja uso, kwamba hawezi kujizuia, na kwamba hata hivyo wanaogopa itawaathiri vijana.

Hapo kwenye kutoweza kujizuia ndipo mimi nilipokwama. Siku zote tunadhani tatizo la jamii ni kutojua. Tunasema watu wakielimishwa, wakaambiwa kwamba huyu hafanyi makusudi, watamwacha kwa amani. Lakini wadhamini wa Solihull walikuwa wanajua. Hakuna daktari aliyewaambia, maana ugonjwa wenyewe haukuwa na jina, ila walijua, wakaandika, na bado wakamkataa. Baadaye shule ya Brewood nayo ilikataa kumchukua kama mwalimu msaidizi, kwa hofu kwamba wanafunzi watamcheka na kumwiga.

Mwaka huohuo wa 1735 alimwoa mjane aitwaye Elizabeth Porter, aliyemzidi umri kwa miaka 20 hivi. Binti wa mjane huyo alisimulia baadaye kwamba watu walipomwona Johnson mara ya kwanza walishangaa na kucheka. Mama yake yeye alisikiliza maneno ya yule kijana, akaona ni mtu mwenye busara kuliko wote aliowahi kukutana nao. Kwa pesa za mke huyo Johnson alifungua shule yake mwenyewe kijijini Edial, karibu na Lichfield. Ilipata wanafunzi wachache mno na haikuchukua muda ikafa. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa David Garrick, na Machi 1737 mwalimu na mwanafunzi waliondoka pamoja kwenda London kutafuta maisha.

Garrick huyu alikuja kuwa mwigizaji maarufu kuliko wote Uingereza. Na kweli, alimwiga Johnson: kwenye kumbi za London alikuwa akiwachekesha watu kwa kuigiza mwendo na sauti ya mwalimu wake wa zamani. Kwa hiyo hofu ya Brewood haikuwa ya uongo. Wanafunzi walicheka, wanafunzi waliiga. Lakini Garrick aliharibika nini? Hakuharibika chochote, na urafiki wao ulidumu hadi alipokufa mwaka 1779. Aliyeumia ni yule aliyenyimwa mshahara.

London ilimpokea Johnson kwa macho. Rafiki yake Frances Reynolds alisimulia siku moja walipokuwa wakitembea kwenye viwanja vya Twickenham. Vituko vya mwili wake vilikusanya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakamzunguka wakicheka. Wakaenda kukaa kwenye magogo kando ya mto, watu wakaanza kutawanyika. Johnson akatoa kitabu mfukoni akaanza kusoma huku akiyumba kwa nguvu, na wengine wa mbali wakasogea tena kuja kuona kuna nini.

Mchoraji William Hogarth naye alimkuta nyumbani kwa mwandishi Samuel Richardson, amesimama dirishani anatikisa kichwa na kuyumbayumba. Hogarth akajua moja kwa moja kwamba huyu ni taahira, ndugu zake wamemweka hapa aangaliwe. Mara yule mtu akasogea, akaanza kuongea kwa hoja kali dhidi ya Mfalme George wa Pili, mpaka Hogarth akabaki mdomo wazi.

Mtu huyo wa dirishani ndiye aliyesaini mkataba wa kamusi mwaka 1746. Wafaransa kamusi yao iliandaliwa na akademia ya watu 40 kwa miongo kadhaa. Johnson alikuwa na wasaidizi sita tu, na mwaka 1755 alitoa maneno zaidi ya 42,000. Mwaka 1759 aliandika hadithi ya Rasselas, mwanamfalme wa Abisinia, yaani Ethiopia ya leo, haraka haraka kwa sababu mama yake alikuwa anafariki na pesa zilihitajika. Mwaka 1762 mfalme akampa pensheni ya pauni 300 kwa mwaka. Vyuo vikuu vya Dublin na Oxford vikamtunuku udaktari, mwaka 1765 na 1775. Ndiyo, Oxford ileile aliyoiacha kwa kukosa ada.

Kuna jambo moja kwenye maisha yake ambalo kila mwalimu mtarajiwa alijue. Mchoraji Joshua Reynolds, kaka yake Frances, aligundua kwamba Johnson akiambiwa atulie ili achorwe, alitulia. Kwa hiyo akaamini kwamba yale ni mazoea tu. Johnson mwenyewe, alipoulizwa na binti mdogo kwa nini anafanya vile, alimjibu kwa upole kwamba ni tabia mbaya aliyoizoea, akamshauri ajihadhari asije akaipata. Hata mwenye mwili alijibebesha lawama.

Leo tunajua zaidi. Mwenye Tourette anaweza kujizuia kwa muda, kama unavyoweza kuzuia chafya au kupepesa macho. Ndani yake msukumo unapanda, unapanda, na mwisho lazima utoke. Hofu na kukazwa macho huuongeza. Kwa kawaida hali hii huanza utotoni, kwa wavulana zaidi kuliko wasichana, na kwa wengi hupungua baada ya kubalehe. Kuropoka matusi ndiko kunakojulikana sana, lakini huwapata kama mtu mmoja katika kila kumi, au wawili hivi.

Johnson hakuwa miongoni mwa hao, na hapo bahati ilikuwa upande wake: kilichomtoka mdomoni kilikuwa sala. Mfano wa upande wa pili ni mwanamke mmoja wa Ufaransa, wa ukoo bora, aliyeelezwa na daktari Itard mwaka 1825. Yeye yalimtoka matusi mazito katikati ya maongezi ya heshima, na kadiri alivyoogopa kuyasema ndivyo yalivyotoka. Mwaka 1885, miaka 101 baada ya kifo cha Johnson, daktari Georges Gilles de la Tourette aliandika juu ya wagonjwa tisa, na mama huyo alikuwa mmoja wao. Aliishi hadi uzee, zaidi ya miaka 80, sehemu kubwa akiwa amejitenga na watu. Hali ni ileile moja. Aliyenong'ona sala alialikwa mezani, na aliyetoa tusi akafungiwa mlango.

Nayasema haya kwa sababu ya nilichokikuta kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana. Mimi kwetu ni Nachingwea, na TP nilipangiwa sekondari moja wilaya jirani ya Ruangwa. Kidato cha pili kulikuwa na mvulana ambaye shingo ilimruka, macho yakapepesa, kisha tusi la nguoni likamtoka, kavukavu, mbele ya mwalimu wa kike mwenye umri wa mama yake. Ofisini kwa walimu kesi ikagawanyika. Kuna waliosema ni mapepo, aombewe. Kuna waliosema ni kiburi, na ushahidi wao ulikuwa kwamba mstarini asubuhi anatulia tuli. Yaani hoja ya Joshua Reynolds yote, imesafiri hadi Ruangwa! Mzazi mmoja akataka mtoto huyo aondolewe, wengine wasije wakaiga. Hiyo nayo ni Brewood tupu.

Mwalimu mmoja wa siku nyingi alifanya tofauti. Alimkalisha karibu na mlango, wakakubaliana ishara ya kutoka nje akizidiwa. Akaliambia darasa mara moja tu kwamba lile neno halimlengi mtu, kisha akaendelea na somo la Bayolojia. Akaenda pia kwa yule mwalimu wa kike, akamweleza na kumpa pole, kwa sababu tusi hata lisipokusudiwa linaumiza masikio ya mtu mzima mbele ya wanafunzi 60. Baada ya wiki tatu hivi vichwa havikugeuka tena. Nilipomaliza TP, suala la kumhamisha lilikuwa bado mezani kwa bodi ya shule.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi watu wa Kusini ndio tungepaswa kulielewa hili kuliko wote. Kwetu mtani anaingia msibani, anamtukana marehemu, anazuia kaburi mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Kwenye unyago bibi anaimba maneno ambayo akiyasema kwenye mnada wa korosho watu watashika vichwa. Hakuna anayempeleka kwa mjumbe. Tumefundishwa tangu utoto kwamba tusi halipimwi kwa neno peke yake. Unauliza nani kasema, wapi, kwa nia gani. Ujuzi huo tunao. Tunauacha nyumbani tu tunapovaa tai na kushika chaki.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na viwe kwa kosa kubwa la nidhamu. Nauliza, kosa lisilo na nia ni kosa gani? Huwezi kumchapa mtu kwa kwikwi.

Johnson alipokufa aliacha sehemu kubwa ya mali yake kwa Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica, aliyeingia nyumbani kwake akiwa mtoto mwaka 1752. Johnson alikuwa amempeleka shule kwa gharama yake. Barber alihamia Lichfield, na baadaye akafundisha katika shule ndogo ya kijiji cha jirani. Nchi ambayo wadhamini wake waliogopa uso uliojikunja ilipata mwalimu mweusi kupitia kwa mtu yuleyule waliyemkataa.

Wenzangu wa mwaka wa tatu, muda si mrefu tutakuwa kwenye ofisi za walimu, na majina yataletwa mezani. Wengine tutakuwa walimu wa nidhamu, wengine makatibu wa bodi. Siku hiyo hatutakosa taarifa, kama ambavyo Solihull hawakuikosa. Tutaulizwa tu kama mtoto abaki darasani au aondoke, na mmoja wetu atatakiwa ashike kalamu aandike jibu.